Neno Moja la Mama Geti

Kama uliwahi kuvaa sare ya shule ambayo vifungo vyake havikung'oka mpaka ukaizidi urefu, huenda ilishonwa na Mama Geti. Jina hilo hakuzaliwa nalo, wala geti hakuwa nalo. Alikuwa na vyumba viwili, kibaraza, mlango wa mbao uliobabuka rangi, na cherehani ya miguu iliyokaa pale kibarazani mvua na jua. Watoto wa mtaani ndio waliombandika jina, maana kutwa walimsikia akimwambia mwanawe: "Get up! Get water! Get inside! Get your bag!" Masikioni mwao ilikuwa geti, geti, geti. Na mtaa ukishakupa jina, hata uoge kwa sabuni ya mche, halitoki.

Hakuwa mjinga, tuelewane. Angeweza kukutazama unavuka barabara akajua kiuno chako bila futi. Alikuwa na kosa moja tu, ila alilifanya kwa bidii ileile aliyoshonea pindo, na kosa la mtu mwenye bidii ni baya kuliko la mvivu, kwa sababu mvivu huchoka akaliacha njiani.

Lilianzia kwenye mkutano wa wazazi. Yeye na mumewe, dereva wa lori aliyezijua barabara kuliko alivyokijua kitanda chake, walikuwa na mtoto mmoja wa kiume, na walijibana mpaka wakampeleka shule ya Kiingereza. Mwalimu mkuu akasimama mbele ya wazazi, tai imemkaba, akasema, "Ndugu wazazi, sisi tunajenga mchana, nyinyi mnabomoa usiku. Mtoto akifika nyumbani ni Kiswahili mwanzo mwisho. Ongeeni naye Kiingereza, hata kama ni kidogo." Wazazi wakapiga makofi, wakaenda makwao, wakaendelea kuwagombeza watoto wao kwa Kiswahili kama kawaida, maana hotuba ni hotuba. Mama Geti peke yake ndiye aliyeibeba ile hotuba mpaka nyumbani.

Tatizo ni kwamba Kiingereza chenyewe hakuwa nacho. Shule aliiacha mapema akaenda kujifunza kushona, na alichobakiza ni salamu na majina ya rangi. Lakini mwalimu wa darasa la mwanawe, msichana mcheshi aliyependa magauni ya kubana, alikuwa mteja wake. Siku moja alipokuja kupimwa, Mama Geti akamwambia, pini zimemjaa mdomoni:

"Mwalimu, nifundishe Kiingereza cha nyumbani. Cha haraka."

Mwalimu akacheka. "Mama, Kiingereza si gauni, kwamba utaniambia njoo Ijumaa uchukue."

"Mimi sitanii."

Mwalimu akamtazama kwenye kioo, akaona kweli hatanii. "Haya. Shika kitenzi kimoja tu. Get. Ukikishika hicho umeshika mpini." Akaanza kumhesabia kwa vidole. Kupata ni get. Kuleta ni get. Kuamka, kuingia, kushuka, kuvaa, kufika, kupona, kukasirika, kuoa, kuzeeka, hata kuelewa jambo, yote ni get. Unakibandika kineno kingine pembeni, kinageuka maana, basi.

Mama Geti akazitoa pini mdomoni. "Kazi zote hizo neno moja? Na linalipwa mshahara gani?"

Mwalimu alicheka mpaka futi ikamdondoka kiunoni. Lakini Mama Geti alikuwa ameshaelewa kwa namna yake ya kifundi. Lilikuwa kama ile sindano ya katikati, ambayo ukiwa nayo huhitaji kununua nyingine: inapita kwenye kaki ya kaptura, na ukiwa mpole inapita hata kwenye hariri. Tangu siku hiyo akaanza kushona nalo kila kitu.

Alilitumia linapofaa na lisipofaa. Kuku alikuwa "get chicken", kunyamaza ilikuwa "get mouth", na mtoto akifanya vizuri aliambiwa "get good". Mgeni akiaga, Mama Geti alimwambia "get home". Mwalimu alipomweleza kwamba Waingereza hawaagani hivyo, alimjibu, "Mtu anayeondoka unamtakia nini kingine? Si afike?"

Mpaka hapo mtu angecheka akaenda zake. Shida ni amri iliyofuata. Mama Geti alikata shauri kwamba ndani ya vyumba vile viwili Kiswahili hakitaingia. Hakumpiga mtoto, hakumfinya, hakumnyima chakula. Alichofanya ni kutomsikia. Mtoto akija kibarazani na kusema, "Mama, nina njaa," miguu yake iliendelea kukanyaga, cherehani ikaendelea kulia. "Mama, nina njaa." Cherehani inalia. Mtoto akisimama pale, akatafuta, akasema, "Mama, I get hungry," hapohapo mashine ilinyamaza, na mama akageuka na tabasamu kubwa, kana kwamba ndiyo kwanza anamwona. Mtoto ni mwepesi kujifunza. Alijifunza upesi sana kwamba mama yake ana masikio ya lugha moja.

Jambo ambalo hakulipigia hesabu ni kwamba amri ile ilimfunga na yeye mwenyewe. Mwanamke aliyekuwa akiimba huku anashona, aliyeweza kusimulia habari ya bei ya vitambaa ukadhani ni vita, akawa bubu kwa mwanawe. Hadithi hazikusimuliwa, kwa sababu hadithi haisimuliki kwa get. Utani haukutaniwa. Mtoto alirudi kutoka shule na habari ndefu za nani kapigana na nani, akazimwaga zote kwa Kiingereza kinachoteleza, na mama akaambulia neno hapa na neno pale, akatikisa kichwa, akasema, "Get good, get good." Moyoni alijiambia: ngoja akue, tutakuja kuongea. Kana kwamba maneno ni kitambaa, unakihifadhi kabatini.

Mumewe akirudi safari alishangaa. "Mke wangu, mbona humu ndani kumekuwa kama ofisi ya posta? Kila mtu anasema lake anaondoka." Yeye baba mtu hakuwa na amri. Alimbeba mtoto mabegani, wakaenda kuoshea lori wakipiga soga za Kiswahili mpaka jua linazama. Mama Geti aliwatazama na wivu ukamkaba, lakini alijisemea kwamba baba ni mgeni, na mgeni hasemwi.

Aliyesema kwa sauti ni dada yake mkubwa. Huyu alikuwa msusi, na kibanda chake kilikuwa ng'ambo ya barabara, kinatazamana na cherehani. "Mwacha mila ni mtumwa, mdogo wangu," alimwambia.

"Na asiyejua Kiingereza yeye ni mtumwa wa nani?" Mama Geti akamjibu. "Wewe unasuka jua linakuchoma, mimi nakanyaga mpaka magoti yanavimba. Mwanangu hatakanyaga."

Mtoto alikuwa akitoroka kwenda kwa mama mkubwa wake, akikaa kwenye kigoda katikati ya wanawake wanaosukwa. Akirudi, Mama Geti alivuka barabara kuuliza, "Mlikuwa mnaongea nini na mtoto?"

"Kiingereza kitupu," dada mtu alijibu, akijikuna shingo kwa mkia wa kitana.

Huyo dada Kiingereza chake chote kilikuwa okei na babai. Na mtaa mzima ulimjua: akimwambia mteja kwamba msuko hauumi, alijikuna shingo, akisema nywele bandia ni mpya, alijikuna shingo. Mwongo mbaya sana alikuwa, Mungu amjalie. Mama Geti aliuona mkono ule, akaguna, akavuka barabara kurudi kwake.

Kisha yakaja yale ambayo hayasahauliki. Jioni moja mumewe alipiga simu kutoka safarini, akiipigia simu ya dukani kwa jirani, na Mama Geti akaitwa mbio. Mstari ulikuwa unakoroma. Mumewe aliuliza hali, akasema mzigo umechelewa, halafu akasema, "Mwambie mwanangu nimemkumbuka. Mwambie hivyohivyo."

Mama Geti alirudi nyumbani na salamu ile mkononi, akamkuta mtoto anafanya kazi za shule. Akafungua kinywa, akakuta hana neno. Kukumbuka kwa namna ile, kule kwa mtu kumtamani mwanawe akiwa mbali, hakumo ndani ya get. Alijaribu kulipindua kila upande halikukaa. Angeweza kusema kwa Kiswahili. Ingekuwa sentensi moja tu, na hakuna mwalimu mkuu ambaye angeisikia. Akaona hapana, nitamuuliza mwalimu inasemwaje, nimwambie kesho vizuri. Kesho yake breki za lori zilikataa kwenye mteremko, na salamu ikabaki bila mwenyewe.

Waliokuja kulia walilia, wakakunja majamvi yao, wakaondoka. Nyumba ikabaki na watu wawili na sare za shule za kushona, maana muhula ulikuwa unafunguliwa na hakuna mzazi angengoja. Mama Geti akakaa kwenye cherehani. Mtoto akaja, akasimama kando yake, upande wa gurudumu.

"Mama, baba atarudi lini?"

Alikuwa amesahau kabisa Kiingereza. Mama Geti alimsikia. Alimsikia kila silabi. Lakini alijua akifungua kinywa kumjibu kwa Kiswahili halitatoka neno, kitatoka kilio ambacho hataweza kukifunga tena, na amri yake ikampa pa kujificha. Akaendelea kukanyaga. Mtoto akauliza tena. Cherehani ikalia. Mtoto akangoja, akasema polepole, kama mtu anayevuka mto kwa kukanyaga mawe:

"Mama, when will Daddy get back?"

Mashine ikasimama. Mama Geti akasema alichokuwa nacho. "No get back," akasema. Halafu, kwa sababu mtoto alikuwa bado amesimama pale, akaongeza, "Get strong. Get sleep."

Mtoto akaenda kulala. Hakuuliza tena, si siku ile wala nyingine yoyote.

Na amri ilifanya kazi, ndilo jambo linaloudhi. Kijana alifaulu kila mtihani, akapelekwa shule za mbali za bweni, kisha chuo, kisha ng'ambo, akawa mhandisi wa madaraja katika nchi za baridi, akaoa hukohuko, akapata binti. Wazazi wa mtaani waliwaonyesha watoto wao kidole: mnaona mwana wa Mama Geti? Naye alipiga simu kila wiki bila kukosa, mtoto mwenye adabu. "Habari ya afya, Mama?" aliuliza kwa Kiingereza. "I get fine." "Unahitaji chochote?" "No. Get home." Simu ikakatika. Mama Geti akabaki ameishika kama mtu aliyepewa sahani tupu.

Uzee ukaja na mambo yake. Kwanza magoti, kisha sikio. La kushoto lilianza kuzibwa na kitu kama pamba, na la kulia likawa linachagua la kusikia. Hospitali walimwambia kuna kidude cha kuvaa sikioni. Akasema yeye hatembei na redio kichwani. Dada yake, ambaye sasa kichwa chake mwenyewe kilikuwa cheupe lakini bado anasuka, akamwambia, "Wanasema sikio la kufa halisikii dawa. Lako linakufa na dawa liliisikia, likakataa." Mama Geti alicheka, ila akamwapisha kwamba mtoto asijue. Hakutaka kuonekana mzigo. Kwenye simu aliongeza sauti mpaka mwisho, na maneno yao yalikuwa machache kiasi kwamba aliyabahatisha.

Kisha mtoto akaja likizo, baada ya miaka mingi, akiwa na binti yake. Wahenga walisema majuto ni mjukuu. Wa Mama Geti alikuja na begi la mgongoni lenye picha ya paka, akamkumbatia bibi yake miguuni, akamwambia mambo mengi sana ambayo bibi hakuyaelewa hata moja.

Kilichomshangaza Mama Geti si mjukuu. Ni mwanawe. Alishuka kwenye teksi anataniana na dereva kwa Kiswahili kisicho na kovu. Muuza maji alimsalimia, akamrudishia na mzaha juu yake. Kwa mama mkubwa wake ndiyo usiseme, alikaa kwenye kigoda kilekile cha zamani, magoti yamegusa kidevu, wanawake wanasukwa na yeye anawavunja mbavu. Akivuka barabara kurudi kwa mama yake, uso ulijipanga, na Kiswahili kikabaki ng'ambo.

Alasiri moja Mama Geti aliwapelekea chai kwenye chupa. Akafika kwenye pazia la kibanda, sikio lake zima likiwa upande wa ndani, akasikia mwanawe anaongea. Anamsimulia mama mkubwa wake majira ya baridi ya kwanza kule, jinsi alivyokaa kwenye ngazi za jengo akilia na funguo mkononi. Anamsimulia usiku binti yake alipozaliwa.

"Si ungempigia mama yako?" dada mtu akauliza.

"Nimwambie nini, Mama Mkubwa? Nimwambie kwa get?" Akacheka, lakini kicheko hakikufika mbali. "Mimi mama yangu namheshimu sana. Alijiua kwa kazi kwa ajili yangu. Ila simjui. Hata baba alikufaje mimi sijui, nimesikia kwa watu."

Mama Geti akageuka na chupa yake. Alipofika kibarazani aliiweka chini, akakaa kwenye kiti cha cherehani bila kushona. Iliuma. Iliuma zaidi kwa sababu hakuwa na mtu wa kumlaumu. Mwalimu mkuu alishazikwa zamani, na wale wazazi wengine wote walipiga makofi tu.

Jioni ile mezani akapiga moyo konde. "Mwanangu," akasema, "leo umeshindaje?"

Mwanawe akashtuka kama mtu aliyeitwa na polisi. Akamjibu kwa Kiingereza kwamba vizuri, ahsante.

"Chai imekolea sukari?"

Kwa Kiingereza tena: imekolea, Mama.

Dada mtu, aliyekuwa amekuja kula nao, akagonga meza. "Hebu mjibu mama yako kwa lugha aliyokuulizia! Kwangu unaropoka kutwa, kwake umekatwa ulimi?"

Mwanawe akafungua kinywa. Ukaonekana ulimi unatafuta pa kukanyaga. Jasho likamtoka puani, mtu mzima, mjenga madaraja. Mwishowe akamgeukia mama mkubwa wake akasema, "Siwezi. Nikimtazama tu, naisikia cherehani."

Cherehani ilikuwa kibarazani, imefunikwa shuka, imenyamaza. Mama Geti aliyasikia maneno yale vizuri kuliko alivyosikia chochote mwaka ule.

Basi akajiwekea nia. Kabla hajaondoka, atamwambia. Si mambo mengi. Atamwambia, "Mwanangu, ile siku uliponiuliza, nilikusikia." Halafu atampa salamu ya baba yake, aliyokaa nayo miaka yote hiyo. Baada ya hapo, kama mtoto atajibu kwa Kiingereza au kwa Kichina, shauri yake. Lakini kila alipojipanga, kulikuwa na mgeni sebuleni, au mjukuu amelala, au mwanawe yumo mjini kuhangaikia karatasi za safari. Na kila walipobaki yeye na mwanawe tu, alisema kesho. Anayezoea kusema kesho haoni aibu kuirudia.

Ikawa asubuhi ya kuondoka. Mama Geti alikuwa anamaliza gauni la mjukuu, la kitambaa cha buluu chenye mfuko mmoja mbele wa kuwekea pipi. Alitaka wakija kumuaga awe na kitu mkononi, maana mtu akiwa na kitu mkononi hapati woga sana. Akakaa kibarazani, mgongo kwa mlango, akapitisha pindo, na huku miguu inakanyaga alikuwa anaipanga ile sentensi kichwani. Mwanangu, ile siku uliponiuliza. Hapana, aanze na baba. Mwanangu, baba yako alipiga simu. Aliipanga akaipangua.

Mkono ukamgusa bega. Mwanawe alikuwa nyuma yake, amevaa koti, begi liko chini. Alikuwa akitabasamu, lakini uso wake ulikuwa umefungwa, kama duka lililofungwa huku taa inawaka ndani.

"It's time, Mama," akasema kwa sauti kubwa. "Don't get up."

Aliinuka, angewezaje kutoinuka? Akamkumbatia, akambusu mjukuu, gauni likapimwa hapohapo juu ya nguo, likakaa kama limemwagiwa. Dereva wa teksi akapiga honi. Mtoto anarukaruka, mizigo inapakiwa, na sentensi yake nzuri ikampotea mbele ya ule uso uliofungwa, ambao hakuelewa umefungwa kwa nini. Akatafuta chochote, kinywa kikatoa kilichozoea kutoka.

"Get home," akasema.

"Yes, Mama." Mlango wa gari ukafungwa, wakaenda.

Dada mtu alikuwa amesimama ng'ambo, kitana mkononi. Akavuka barabara polepole. Mama Geti alidhani anakuja kumpa pole, kumbe amekunja uso.

"Hivi wewe mwanamke una moyo wa namna gani?"

"Nimefanya nini?"

"Mtoto kasimama nyuma yako pale mlangoni, mimi namwona. Kakuita. Kwa Kiswahili. 'Mama, naondoka.' Wewe unakanyaga. Kaita tena. 'Mama, naondoka, sikutaka kuondoka hivi.' Unakanyaga. Mpaka kibandani kwangu sauti imefika. Mara ya tatu kaita jina lako tu, 'Mama,' kama alivyokuwa anaita akiwa mdogo. Ukakanyaga. Akasimama pale, akaangalia chini, halafu ndiyo akakugusa bega na Kiingereza chake."

Mama Geti akakaa chini kwenye ngazi ya kibaraza. Mkono wake ukaenda wenyewe kwenye sikio la kushoto, lile la pamba. Dada mtu akauona ule mkono, na hasira yote ikamwishia. "Yesu," akasema kwa sauti ndogo. "Yeye hajui. Tulimficha."

"Nipigie simu," Mama Geti akasema. "Dada, nipigie sasa hivi."

Dada mtu akabonyeza, akangoja, akasema inaita, akasema kapokea, wako uwanja wa ndege, wako kwenye foleni ya kuingia. Akampa. Mama Geti akaibana simu kwenye sikio la kulia mpaka kipini cha sikio kikamchoma. Alisikia mvumo, watu wengi, sauti ya kike inatangaza kitu, na katikati yake kitu kidogo ambacho huenda kilikuwa mwanawe.

"Naam, mwanangu!" akasema kwa nguvu. "Uliniita, naam! Sikukusikia. Sikio limekufa, nilikuficha, nisamehe. Leo sikukusikia, haki ya Mungu. Lakini ile siku nyingine, ile ya baba yako, ulipokuja hapa kwenye gurudumu ukaniuliza atarudi lini..." Pumzi ikamkatika, akaivuta. "Ile nilikusikia. Nilikusikia mara zote mbili. Niliogopa kulia mbele yako, nikakanyaga. Ulikuwa mtoto mdogo, ulikuwa umevaa ile sweta ya kijani, nikakuacha umesimama pale."

Alikuwa hasikii tena kama kuna anayejibu, ila alikuwa ameshafungua na hakuweza kufunga. Akaeleza juu ya mteremko na breki. Akaeleza kwamba baba yake hakuteseka, walisema waliomkuta. Akaeleza simu ya dukani na mstari uliokoroma. "Alinituma kwako. Alisema, 'Mwambie mwanangu nimemkumbuka. Mwambie hivyohivyo.' Mimi sikujua kwa Kiingereza inasemwaje. Nikasema nitauliza. Mwanangu, baba yako alikukumbuka. Na mimi nakukumbuka. Nilikukumbuka hata ulipokuwa humu ndani."

Akamaliza. Akabaki anahema, machozi yanamwingia mdomoni, akingoja. Halafu akaiondoa simu sikioni akaitazama. Kioo kilikuwa cheusi.

Akamwinulia dada yake macho. Dada mtu alikuwa amesimama juu yake muda wote, upande ule ambao kioo kinaonekana.

"Dada, imekatika lini?"

"Sasa hivi tu," dada mtu akasema. "Ulipomaliza. Kasikia yote, mdogo wangu. Yote."

Na mkono wake ukapanda polepole, na kile kitana, ukajikuna shingo.